Bia ya Poland huuzwa na sahani

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa vinywaji anayekutana na bia za Poland kwa mara ya kwanza huona chupa zinazofanana. Nyingi ni za nusu lita, vibandiko vina taji, mnyama au jina la mji, na majina yenyewe ni mazito mdomoni. Hapo ndipo wengi hununua kwa kuangalia bei peke yake. Matokeo yake ni mtaji kulala stoo: kreti za bia nyeusi kali zilizonunuliwa mwanzoni mwa majira ya joto, au bia nyepesi iliyowekwa dirishani juani mpaka ikabadilika harufu.

Ipo njia bora zaidi ya kuzipanga bia hizi, nayo ni kuangalia kinacholiwa. Katika nyumba za Poland kila aina ya bia ina chakula chake na msimu wake. Anayejua chakula gani kinapikwa Jumapili, nini huchomwa mwezi Mei na nini huliwa wakati wa theluji, anajua pia kreti ipi itatoka haraka na ipi itakaa. Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini makampuni makubwa ya kigeni yaliyonunua viwanda vya Poland yaliyaacha majina ya zamani yaendelee. Tutalifikia baada ya kupita mezani.

KUSOMA KIBANDIKO

Makosa mengi ya fedha huanzia kwenye kibandiko. Chupa ya Poland mara nyingi huwa na asilimia mbili. Ya kwanza hufuata neno "ekstrakt", na hiyo si kilevi. Ni kipimo cha sukari na vitu vingine vya kimea vilivyoyeyuka majini kabla hamira haijaanza kazi yake. Ya pili hufuata kifupisho "alk.", na hicho ndicho kilevi chenyewe. Bia ya kawaida yenye ekstrakti ya asilimia 12 hivi huwa na kilevi cha asilimia 5 au zaidi kidogo. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba bia hiyo ina "kumi na mbili" anamdanganya bila kukusudia.

Aidha, Wapolandi huandika koma mahali tunapoweka nukta. Ukiona 5,2 isome kama 5.2.

Maneno mengine machache yanatosha kumwongoza mnunuzi. "Jasne" ni bia ya rangi ya dhahabu, "ciemne" ni nyeusi, na "mocne" ni kali. "Niepasteryzowane" ni bia ambayo haikupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, hivyo kwa kawaida muda wake wa kukaa ni mfupi na inahitaji ubaridi. "Bezalkoholowe" ni bia isiyo na kilevi, lakini neno hilo linaruhusu hadi asilimia 0.5. Mteja asiyetaka kilevi hata tone, kwa sababu ya dini au afya, aonyeshwe chupa iliyoandikwa 0,0 na si neno hilo peke yake.

MEZA YA MCHANA

Mlo mkuu wa Wapolandi huitwa "obiad", nao huliwa mchana au alasiri baada ya kazi. Huanza na supu, kisha hufuata sahani ya pili yenye nyama, viazi na mboga.

Sahani ya pili inayojulikana zaidi ni "kotlet schabowy". Ni kipande cha nyama ya nguruwe kilichopondwa kikawa chembamba, kikachovywa kwenye yai na chenga za mkate, kisha kikakaangwa. Huletwa na viazi vya kuchemsha na kabichi. Chakula hiki kina mafuta, na mafuta hubaki ulimini. Bia ya dhahabu yenye gesi ya kutosha na uchungu wa wastani wa hopsi huyasafisha, wakati utamu mdogo wa kimea unakubaliana na ganda la mkate uliokaangwa. Hapa ndipo mahali pa bia kubwa za nchi hiyo: Tyskie ya mji wa Tychy, ambako habari za kiwanda cha bia zinarudi nyuma hadi mwaka 1629, Okocim, iliyoanzishwa mwaka 1845, na Żywiec, ambayo kiwanda chake kilijengwa mwaka 1856 na ukoo wa kifalme wa Habsburg chini ya milima ya kusini.

Wengine hupendelea "pierogi", ambazo tunaweza kuziita sambusa za kuchemsha. Aina iitwayo "ruskie" hujazwa viazi na jibini laini, kisha humwagiwa vitunguu vilivyokaangwa. Ladha yake ni ya upole, na bia kali au nyeusi huifunika kabisa. Kinachofaa ni bia nyepesi yenye harufu safi ya hopsi, mfano Perła Chmielowa ya Lublin. Eneo la Lublin ni maarufu kwa kilimo cha hopsi, kwa hiyo bia hiyo inauza pia sifa ya shamba lake.

Supu ya "żurek" inahitaji uangalifu. Hutengenezwa kwa unga wa nafaka ya rai ulioachwa uchachuke kwa siku kadhaa, halafu hutiwa soseji na yai la kuchemsha. Anayejua uji wa chachu ataielewa mara moja. Uchachu ukikutana na uchungu mwingi, vyote viwili huwa vikali mdomoni. Hivyo żurek haitaki bia yenye hopsi nyingi. Bia ya ngano, au ya dhahabu iliyo laini, ndiyo huipokea vizuri.

"Bigos" ni kinyume chake. Ni kabichi iliyochachushwa na kabichi mbichi, zikapikwa polepole na nyama za aina mbalimbali, soseji na uyoga, tena hupashwa siku ya pili na ya tatu ili ikolee. Chakula kizito namna hii hutaka bia yenye kimea kingi. Wapolandi wanayo iitwayo "koźlak", bia nyekundu iliyokoza au ya kahawia, yenye nguvu kuliko ya kawaida na utamu unaokaribia ganda la mkate. Kiwanda cha Amber karibu na Gdańsk hutengeneza moja inayojulikana sana. Koźlak hufaa pia kwa "golonka", yaani paja la chini la nguruwe, ambalo wapishi wengi hulipika ndani ya bia na kulila na haradali. Kwa asiyekula nguruwe, bata wa kuoka huchukua nafasi hiyo bila tatizo.

Mfanyabiashara asisahau kwamba bia ina mshindani mezani. Samaki wa heringi wa chumvi, aliyelazwa kwenye mafuta na vitunguu, kwa desturi husindikizwa na vodka. Muuzaji asitegemee heringi imalize kreti zake.

MWEZI MEI NA WAKATI WA THELUJI

Tarehe 1 na 3 Mei ni sikukuu za taifa nchini Poland. Hali ya hewa inakuwa imeanza kupata joto, na familia hutoka nje kuchoma soseji ziitwazo "kiełbasa". Msomaji wa kwetu anayeijua Jumamosi ya nyama choma hahitaji maelezo. Chakula cha moshi na chumvi kinywewacho nje hutaka bia baridi, nyepesi na ya bei nafuu, na hutaka nyingi. Lech ya Poznań na Żubr ya Białystok huonekana sana katika meza hizo. Mwenye duka huagiza kabla ya sikukuu, kwa sababu baada ya siku hizo mteja huyo harudi na kiu ileile.

Hata hivyo, Lech huuzwa katika chupa za kijani, na chupa ya kijani haizuii mwanga kama ya kahawia. Mwanga wa jua hugeuza viungo vya hopsi na kuleta harufu mbaya. Chupa iliyopamba dirisha la duka kwa wiki kadhaa imepoteza thamani yake hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali.

Wakati wa baridi kali mambo hubadilika. Hapo huja porta ya Baltiki, bia nyeusi ambayo Poland hujivunia kuliko nyingine. Asili yake ni bia nyeusi kali za Waingereza zilizouzwa katika bandari za bahari hiyo. Watengenezaji wa huko waliziiga, lakini wengi walitumia hamira inayofanya kazi katika ubaridi, na bia ikatoka laini zaidi. Żywiec inatengeneza porta yake tangu mwaka 1881, na kilevi chake ni asilimia 9.5. Ladha yake ni ya kahawa, matunda makavu na sukari iliyoungua. Huliwa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa muda mrefu, au baada ya mlo na keki ya mbegu za popi iitwayo "makowiec". Chupa moja inatosha watu wawili. Muuzaji mwenye busara humwambia hivyo mteja aliyezoea kunywa nusu lita baada ya nusu lita.

Porta ina faida moja ghalani. Ikitunzwa gizani na kwenye ubaridi inaweza kukaa kwa miaka, na wapo wanaoinunua ili kuihifadhi. Bia ya dhahabu haina bahati hiyo. Kila mwezi unaopita hopsi zake hufifia.

Ipo pia "grzane piwo", bia iliyopashwa jikoni na karafuu, tangawizi na asali. Mteja wa Dar es Salaam akiagiza bia "ya moto" anataka ile ambayo haikuingia kwenye friji. Kule ni ya moto kweli, inayotoa mvuke.

ILIYOPOTEZA MEZA YAKE

Mfano wa Grodziskie unafaa kukumbukwa na kila mwenye mtaji. Bia hii hutoka katika mji wa Grodzisk Wielkopolski, magharibi mwa nchi. Hutengenezwa kwa kimea cha ngano kilichokaushwa kwa moshi wa mti wa mwaloni. Kilevi chake ni kidogo, asilimia 3 hivi, lakini gesi yake ni nyingi na povu lake hupanda juu. Ilikuwa bia ya kunywa na chakula mchana na kurudi kazini ukiwa na akili timamu.

Baada ya mwaka 1989 soko la Poland lilifunguliwa. Wateja wakataka bia za dhahabu zilizotangazwa, na bia ya moshi yenye kilevi kidogo ikaonekana ya wazee. Mwaka 1993 uzalishaji ulisimama. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata jina hilo lilibaki katika kumbukumbu na mikononi mwa watu wanaotengeneza bia nyumbani kwa kupenda. Mwaka 2015 kiwanda cha mji huohuo kilianza tena kuitengeneza.

Kilichoirudisha ni mabadiliko ya mnywaji. Mwaka 2011 kampuni ndogo iitwayo Pinta ilitoa bia ya Atak Chmielu, yenye uchungu na harufu kali ya hopsi za Kimarekani, na baada yake viwanda vidogo vikaota kama uyoga. Vijana wakaanza kuuliza bia ipi inywewe na chakula kipi. Atak Chmielu ikapata nafasi kwenye nyama ya kebabu yenye pilipili na mafuta, chakula cha barabarani ambacho leo ni cha kila siku katika miji ya Poland. Grodziskie nayo ikapata tena meza yake kwenye samaki wa moshi, saladi, na jibini ya kondoo ya milimani iitwayo "oscypek", ambayo nayo hupitishwa kwenye moshi.

HESABU YA USHURU

Kwa nini bia kali huwa ghali hata inapotoka kiwanda kilekile? Sehemu ya jibu iko katika ushuru wa bidhaa. Poland hutoza ushuru wa bia kwa kila hektolita, yaani lita 100, kwa kufuata digrii za ekstrakti. Kilevi kilichomo chupani hakitumiki katika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme ushuru ni zloti 10 kwa kila digrii moja katika hektolita moja. Bia ya kawaida yenye digrii 12 italipiwa zloti 120 kwa lita 100. Lita 100 ni chupa 200 za nusu lita, hivyo kila chupa inabeba zloti 0.60. Porta yenye digrii 22 italipiwa zloti 220, na kila chupa itabeba zloti 1.10. Juu ya hapo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 23, inayotozwa pia juu ya ushuru wenyewe.

Maana yake kwa mwenye duka ni kwamba kreti ya porta imefunga fedha nyingi zaidi kuliko kreti ya bia ya dhahabu, na sehemu ya fedha hizo ni kodi iliyokwisha kulipwa. Ikikosa mnunuzi, hasara ni ya bia pamoja na kodi.

WENYE HISA WAANGALIE NINI

Historia ya viwanda hivi inafanana na yetu kwa namna ambayo mwekezaji mdogo wa Tanzania ataitambua. Soko la Hisa la Warsaw lilifunguliwa upya mwaka 1991, na Żywiec iliingia humo mwaka uleule. Okocim ilifuata mwaka 1992. Baadaye wageni walifika. Heineken ya Uholanzi ilinunua hisa za Żywiec mwaka 1994, na Carlsberg ya Denmark iliingia Okocim mwaka 1996. Kampuni ya bia ya Afrika Kusini, South African Breweries, ilichukua Lech na Tyskie katikati ya miaka hiyo, na mwaka 1999 viwanda hivyo viliunganishwa kuwa Kompania Piwowarska.

Kampuni hiyo ya Afrika Kusini ndiyo iliyochukua nusu ya hisa za Tanzania Breweries mwaka 1993, nayo TBL ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Kwa miaka kadhaa, basi, mnywaji wa Tyskie huko Tychy na mnywaji wa Safari huko Mwanza walimpatia faida bwana mmoja. Mwaka 2016 bwana huyo, akiwa ameshaitwa SABMiller, alinunuliwa na AB InBev. Ili kuridhisha wasimamizi wa ushindani wa Ulaya, viwanda vya Poland viliuzwa pamoja na vya nchi nyingine 4 za eneo hilo. Asahi ya Japani ilivinunua mwaka 2017 kwa euro bilioni 7.3. TBL ilibaki upande wa AB InBev.

Katika kupokezana huko kote, jina la Tyskie halikuguswa, kama ambavyo Safari na Kilimanjaro hazikuguswa hapa. Wanunuzi wenye mabilioni walijua kwamba walichonunua ni mazoea ya mezani. Mitambo inaweza kujengwa popote, lakini mkono unaochukua chupa ileile kila unapokaa mbele ya schabowy haujengwi kwa mwaka mmoja. Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na raia wake wengi wakaenda kufanya kazi Uingereza, bia hizo ziliwafuata. Maduka ya Kipolandi yalizipanga karibu na soseji na matango ya siki, na baada ya muda maduka makubwa ya Waingereza yakazipokea.

Lakini mwanahisa asichanganye jina na kiwanda. Mwaka 2023 kiwanda cha Leżajsk, kilichokuwa chini ya kundi la Żywiec, kilifungwa, na jina la bia hiyo likaendelea kutumiwa. Unywaji wa bia nchini Poland, uliowahi kukaribia lita 100 kwa mtu kwa mwaka, umepungua, na bia zisizo na kilevi zimepanda. Kampuni inaweza kulinda faida kwa kufunga mitambo huku kibandiko kikibaki. Mfanyakazi na mji wake ndio wanaobaki na hasara.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, soma "alk." kabla ya "ekstrakt", na umweleze mteja tofauti yake. Pili, bia ya dhahabu iwe sehemu kubwa ya oda yako, izunguke haraka na ikae mbali na jua. Tatu, koźlak na porta ziagizwe kidogo na kwa msimu, maana zinafunga fedha nyingi. Nne, ukiuza bia ya Poland, muulize mteja anakwenda kula nini. Swali hilo halina gharama, na jibu lake ndilo litakaloandika oda yako ijayo.

Mwenye hisa naye ajiulize swali la namna hiyo kabla ya kuongeza fedha katika kampuni yoyote ya vinywaji: bia hii inanywewa na chakula gani, na je, watu bado wanakila?